Geji ya pili ya joto kwenye Fuso ya zamani: sensa ikae wapi, na namba ipi ikushtue

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa Fuso Fighter ya zamani yenye injini ya 6D16. Nabeba mawese na dagaa kutoka Kigoma kwenda Tabora kupitia Uvinza na Kaliua. Mwezi uliopita gari lilichemsha nikiwa na mzigo, maji yakamwagika karibu yote, na geji ya dashibodi muda wote mshale ulikaa katikati. Tajiri amekubali ninunue geji nyingine ya joto niifunge pembeni. Dukani wamenionyesha aina mbili, ya waya na ya mrija. Fundi wangu anataka kuweka sensa kwenye mpira wa juu wa rejeta. Nichukue ipi, na nimkubalie fundi? Na ile ya zamani niing'oe?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa yaliyokukuta njiani. Umelitaja jambo moja kwa kupita tu, lakini mimi ndilo nililolisoma mara mbili: maji yalimwagika na mshale ukabaki katikati. Tulielewe hilo kwanza, maana usipolielewa utanunua geji mpya, utaifunga vibaya, na siku gari likichemsha tena mishale yote miwili itakuwa imetulia.

Geji haipimi injini. Inapima kile kinachogusa ncha ya sensa yake, basi. Ncha ikiwa ndani ya maji yanayozunguka, unasoma joto la maji. Maji yakishuka chini ya ncha, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, ambavyo haviipi joto kwa haraka na kwa uhakika kama maji. Hapo mshale unaweza kutulia, na hata kushuka, huku chuma cha hedi, yaani kichwa cha injini kilicho juu ya silinda, kinaungua. Nimefungua hedi zilizopinda za magari ambayo madereva wake waliapa kwamba geji haikupanda, na tajiri akawa anataka kumkata dereva mshahara. Dereva alikuwa anasema kweli. Sensa ilikuwa imeachwa kavu.

Jambo la pili ni kwamba geji nyingi za kiwandani zimetengenezwa zitulie. Joto likipanda kutoka nyuzi 75 hadi karibu 100, mshale unasogea kidogo sana au hausogei kabisa, ili dereva asihangaike kila akipanda kilima. Ukiuona umeondoka katikati, ujue muda uliobaki ni mfupi.

La tatu ni mwinuko wa nchi yetu pamoja na mfuniko wa rejeta, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu nadhani ndipo gari lako lilipokuponyoka. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 kule pwani. Kigoma mjini, karibu na ziwa, uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na sufuria ya maji inachemka kwenye nyuzi 97 na kidogo. Tabora, kwenye mita 1,200 hivi, inachemka kwenye 96. Kinachoyazuia maji ya injini yasichemke mapema hivyo ni mgandamizo, na mgandamizo unashikwa na ule mfuniko. Mfuniko ulioandikwa 0.9 (kipimo cha mgandamizo, kilo kwa sentimita ya mraba) ukiwa mzima, maji matupu hapa Tabora hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 116. Ulioandikwa 0.5 unakupa karibu 108. Lakini ukiwa na mfuniko ambao mpira wake umekauka au springi yake imechoka, unarudi kwenye 96 za sufuria.

Sasa linganisha. Dizeli yenye afya inatembea kati ya 80 na 92, na ikipanda na mzigo inagusa 95 au zaidi bila kosa lolote. Kwa hiyo ukiwa na mfuniko mbovu, maji yanaanza kuchemka kwenye joto ambalo geji ya kiwandani inaliona ni la kawaida. Yanatoka kidogo kidogo kwenye mrija wa kumwagia, hujui, na sensa inabaki juu ya maji. Ndiyo maana mimi ningenunua mfuniko mpya wenye namba ileile kabla ya kununua geji. Soma namba iliyo juu ya mfuniko, na ulinganishe na ile inayotakiwa na rejeta yako, maana gari limepita mikononi mwa watu wengi. Usiweke wenye namba kubwa zaidi ukidhani unaliongezea gari nguvu. Mirija na maungio ya rejeta ya zamani hayataustahimili.

Tuje kwenye geji zenyewe.

Ile ya mrija ina balbu ndogo ya shaba upande mmoja na saa, yaani uso wenye mshale na namba, upande wa pili, na kati yao mrija mwembamba wa chuma. Ndani ya balbu kuna kimiminika kinachogeuka mvuke kirahisi. Joto likipanda kinasukuma, na saa inasoma msukumo huo. Haihitaji umeme kupima, haijali volti, na ikiwa nzima inasema ukweli kwa miaka mingi. Mimi naipenda sana kwenye lori la pua, lenye injini mbele ya dereva, kama zile Bedford TJ, au kwenye mashine ya kusaga na jenereta. Lakini mrija huo haukatwi wala hauungwi. Ukipinda kwa pembe kali au ukichubuka mpaka ukatoboka, kimiminika kinatoka na geji imekufa. Na Fuso yako ina kabati, yaani chumba cha dereva, linalolala mbele. Kila mara unapoinua kabati kuangalia injini, mrija unavutwa na kukunjwa palepale. Inawezekana kuufunga vizuri ukiupitisha karibu kabisa na bawaba za kabati na kuuacha mizunguko miwili mipana ya akiba, lakini siku moja fundi mgeni ataliinua kabati bila kujua. Kwa gari lako nakushauri ya waya.

Ya waya ina sensa ambayo ukinzani wake unapungua kadiri joto linavyopanda, na saa inasoma umeme unaopita. Hapa kuna mitego mitatu, na yote nimeiona ikila hela za watu.

Mtego wa kwanza ni volti. Fuso yako ina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana, jumla 24. Geji nyingi za madukani ni za gari dogo, volti 12. Ukiifunga moja kwa moja itaungua, au itasoma uongo kwa wiki mbili halafu iungue. Wapo mafundi wanaokwepa hili kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Usikubali. Betri hiyo moja inanyonywa kuliko mwenzake, mfumo wa kuchaji hauwezi kuzitofautisha, na mwisho moja inachajiwa kupita kiasi na nyingine inabaki na njaa. Unapoteza betri mbili kwa ajili ya geji moja. Tafuta geji iliyoandikwa 24V, au weka kifaa cha kushusha umeme kutoka 24 kwenda 12.

Mtego wa pili ni kuoanisha saa ya kampuni hii na sensa ya kampuni ile. Kila mtengenezaji ana ukinzani wake kwa kila joto. Zikichanganywa, mshale utapanda na kushuka vizuri kabisa mbele ya macho yako, ila namba hazitakuwa za kweli. Nunua vyote kwenye boksi moja, na ikiwezekana ununue sensa ya akiba ya boksi hilohilo.

Wa tatu ni meno ya sensa. Sensa ndogo nyingi ni za ukubwa unaoitwa moja ya nane, lakini kuna ya Kimarekani yenye meno 27 kwa inchi na kuna ya Kiingereza, inayotumika pia kwenye magari ya Kijapani, yenye meno 28. Kwa macho ni pacha. Ukiilazimisha ya Kimarekani kwenye tundu la Kijapani inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inagoma. Mtu anaongeza spana, na nyumba ya thamostati (kile kilango kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto), kama ni ya aluminiamu, inapasuka. Sensa inayogoma mapema itoe kwa mkono, ulinganishe meno, utafute adapta.

Sasa swali lako kubwa: je, sensa ikae kwenye mpira wa juu wa rejeta? Najua kwa nini fundi wako anapataka. Unakata mpira, unaingiza kipande cha bomba chenye tundu, unakaza klipu mbili, nusu saa kazi imekwisha bila kutoboa kitu. Si mahali pa aibu, na wengi wamefunga hapo. Lakini mimi sipapendi, na sababu ni thamostati. Mpira wa juu uko baada ya thamostati. Thamostati ikiganda ikiwa imefunga, maji ya moto hayafiki kwenye mpira ule. Injini inachemka, na sensa yako imekaa kwenye maji ya uvuguvugu upande wa pili wa mlango uliofungwa. Geji inashindwa siku ileile uliyoinunulia. Zaidi ya hapo, sensa ya waya mmoja inapata ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia mwili wa injini. Ikikaa katikati ya mpira haina ethi, kwa hiyo lazima kile kipande cha bomba kifungiwe waya wake wa ethi. Hilo husahaulika mno.

Mahali pa haki ni upande wa injini, kabla ya thamostati: kwenye hedi pale maji yanapotokea, au kwenye nyumba ya thamostati upande wa chini yake. Kabla ya kutoboa, safisha eneo hilo kwa brashi ya waya na uangalie. Injini nyingi za malori zina boliti fupi ya kuziba, tundu lililoachwa na kiwanda kwa ajili ya sensa ya toleo lingine. Ukilipata, kazi imekuwa nyepesi. Usipolipata, fungua nyumba ya thamostati, itoe kabisa kwenye gari, itobolewe mezani kwa keekee ya karibu milimita 8.5 na kukatwa meno. Isitobolewe ikiwa imefungwa, maana chembe za chuma zitaingia kwenye njia ya maji. Usikubali pia tundu la sensa ya zamani kuongezewa kiungo cha T ili sensa mbili zikae pamoja. Zitakuwa nje ya mkondo, kwenye maji yaliyosimama, na zote mbili zitasoma chini ya ukweli.

Kwenye meno ya sensa paka gundi kidogo, au zungusha utepe mweupe mara moja tu na uache mizunguko ya mwanzo wazi. Ukiufunga utepe kama bandeji, unaitenga sensa na chuma, ethi inakuwa dhaifu, na geji inasoma chini. Waya wa sensa upitishe ndani ya mpira wa kulindia, mbali na eksozi na mbali na waya mnene wa stata, na uache kitanzi cha kutosha pale kabati linapokunjukia. Umeme wa saa utoke kwenye mzunguko unaowaka na swichi, ukiwa na fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5 karibu na chanzo. Ethi ya saa kaza kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukishamaliza washa taa kubwa na breki: mshale wa joto ukiruka, ethi yako ni mbovu, irudie.

Ipime geji kabla ya kuifunga. Chemsha maji kwenye sufuria, unganisha saa na sensa kwenye betri, ukikumbuka kuupa mwili wa sensa waya wa ethi, kisha zamisha ncha tu. Ukiwa Kigoma isome 97, ukiwa Tabora 96. Watu wanarudisha geji nzima dukani kwa sababu haikufika 100 kwenye maji yanayochemka, na maskini ya Mungu geji ilikuwa sahihi kuliko wao. Ikipungua au kuzidi nyuzi mbili tatu, andika tofauti hiyo kwa kalamu pembeni ya saa. Kwenye geji nyingi za waya kuna jaribio lingine pia: ukigusisha waya wa sensa kwenye bodi, mshale unapanda mpaka mwisho, na ukiuacha ukining'inia, unalala chini. Likumbuke hili ukiwa njiani, kwa sababu maana yake waya uliokatika unaonekana kama injini baridi.

Maji utakayoyamwaga wakati wa kufunga, kama yana kulanti (dawa ya maji ya rejeta), yakinge kwenye ndoo. Ladha yake ni tamu na ni sumu. Mbuzi, mbwa na watoto huyanywa. Ukijaza upya acha mfuniko wazi, washa injini, subiri mpaka mpira wa juu upate moto, ongeza maji kadiri hewa inavyotoka, ndipo ufunge. Hewa iliyobaki kwenye hedi itaifanya geji mpya iseme mambo ya ajabu siku ya kwanza. Kama unaweza, jaza maji ya mvua yaliyokingwa vizuri pamoja na kulanti. Ya ziwa na ya visima vingi yana madini yanayoganda ndani ya rejeta, na maji yenye chumvi ya upande wa Uvinza usiyatie kabisa, labda uwe umekwama na huna jinsi. Ukifika, yamwage na usafishe.

Nina la kuongeza ambalo hukuliuliza. Kwa kuwa kosa lako lilikuwa la maji kuisha, geji yoyote ya maji itakuwa na udhaifu uleule. Zipo sensa za pete zinazofungwa kwenye chuma chenyewe, chini ya boliti, na kuunganishwa na kengele. Hiyo inasoma joto la chuma, maji yawepo yasiwepo. Kama tajiri anaweza kuongeza fedha kidogo, mwombe hiyo, uifunge chini ya mojawapo ya boliti za nyumba ya thamostati zilizoingia kwenye hedi. Usithubutu kulegeza boliti za hedi yenyewe kwa ajili ya pete. Na kwenye barabara ndefu, mchana wa jua, usingizi ukianza kukunyemelea, kengele inakuokoa kuliko mshale.

Ukishafunga usikimbilie kuogopa. Wiki ya kwanza chukua daftari, au mwambie utingo aandike: gari tupu kwenye tambarare, gari lenye mzigo kwenye tambarare, mlima mrefu mchana, na kiasi kinachopanda dakika chache baada ya kuzima. Hicho cha mwisho kitakushtua bure usipokijua, kwa sababu injini ikizimwa maji yanasimama huku chuma bado kina moto, na geji inapanda nyuzi kadhaa kabla ya kushuka. Namba za gari lako zikiwa kwenye daftari, unaweza kujua kilichobadilika. Njia ileile, mzigo uleule, kilima kilichokuwa 93 leo ni 99: mkanda wa feni umelegea, rejeta imezibwa na vumbi na wadudu, au maji yamepungua. Umelikamata tatizo wiki kadhaa mapema.

Kwa injini yako, kengele itegee 102. Ikifika 100 mlimani, shusha gia mapema ili feni na pampu ya maji zizunguke zaidi huku ukipunguza mafuta, na fungua hita ya kabati hata kama utatokwa jasho. Ikipita 105 simama. Kama maji bado yapo, acha injini iungurume taratibu dakika chache ishuke yenyewe. Kama umeona mvuke au geji imeshuka ghafla bila sababu, zima mara moja, kwa sababu maji yameondoka. Usifungue mfuniko wa moto. Usimimine maji baridi kwenye injini iliyokauka. Hedi inapasuka, na nusu saa uliyoikimbia itageuka wiki mbili za gereji.

Halafu muulize fundi wako swali moja: thamostati ipo? Huku kwetu wengi huing'oa gari likichemsha mara ya kwanza, wakidhani wameifungulia injini njia. Geji mpya itakuonyesha matokeo: gari tupu kwenye tambarare ya Kaliua litatembea na nyuzi 60, injini ikila mafuta zaidi na silinda zikisagika kwa ubaridi. Na kwenye injini ambazo thamostati pia huifunga njia ya mkato, ukiing'oa sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari linakuwa baridi tambarare na linachemka mlimani. Ukikuta haipo, rudisha mpya, na kabla ya kuifunga izamishe kwenye sufuria ileile uone ikifunguka, kwa kawaida karibu na nyuzi 82 au chini kidogo. Imeandikwa juu yake.

Geji ya zamani usiing'oe. Iache na sensa yake palepale. Mbili zikitofautiana, hiyo nayo ni habari: simama uangalie maji. Saa mpya ifunge juu ya dashibodi mahali unapoiona bila kugeuza shingo, isiwe chini karibu na goti ambako abiria ataifunika kwa koti. Ukimaliza safari ya kwanza yenye mzigo, niandikie namba tatu: ya tambarare, ya mlimani, na ile iliyoandikwa kwenye mfuniko wako wa rejeta.